Pete za Chuma za Mzee Khaemba

Kitu chochote kikipita mikononi mwa Wabwile kilikuwa lazima kigongwe kwanza. Jembe, sufuria, ekseli ya trela, hata benchi la kanisa kabla hajalikalia: ataokota spana, ko, ko, atege sikio, kisha ndipo atoe hukumu. Watu wa shamba la Bwana Harrop, nje kidogo ya Kitale, walimcheka mpaka wakachoka. Walisema ipo siku atamgonga pasta kichwani asikie kama mna ufa. Yeye alicheka nao, mwili wake mkubwa wote ukitikisika, halafu akarudi kugonga.

Ufundi wa magari aliutoa jeshini wakati wa vita, lakini hilo la kugonga hakulitoa huko. Alilitoa kwa mkewe, Rispah. Rispah alikuwa binti wa mfinyanzi, na mwanamke wa kwao hanunui chungu sokoni Chwele bila kukigonga kwa kidole. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinajibu kibubu, hata kama macho hayaoni kitu. Wabwile akaona chuma nacho ni vilevile, na kwa miaka yote hiyo spana yake haikumdanganya hata mara moja. Lishike neno hilo la chungu, maana msiba wenyewe umekaa humo ndani.

Sasa gari. Mwaka wa hamsini na nne Bwana Harrop, mlowezi mfupi mnene aliyecheka ovyo, aliagiza gari la mashindano kutoka Uingereza. Likaja kwa treni mpaka stesheni ya Kitale, na wapagazi walipouliza gari lenyewe liko wapi wakaonyeshwa masanduku. Ndani mlikuwa na mabomba membamba yaliyoungwa yakawa kiunzi, mabati ya alumini, viti viwili vidogo, na kitabu cha maagizo. Injini hamna. Magurudumu hamna. Hivyo ujitafutie mwenyewe kutoka gari kuukuu. Wabwile alikibeba kile kiunzi begani peke yake, akamtazama Bwana usoni aone kama ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Walichinja pikapu ya zamani ya kubebea maziwa, wakatoa injini, giaboksi na ekseli zake. Ekseli ya mbele ndiyo iliyomtia Wabwile baridi. Kitabu kilitaka ikatwe katikati kwa msumeno, nusu huku na nusu huku, kila nusu ipewe bawaba yake, ati ndiyo kila gurudumu lipande na kushuka kivyake. Mtoto wa mhunzi kukata ekseli nzima, wewe umeona wapi? Alizunguka meza asubuhi yote akijifanya anatafuta tupa. Mwishowe akakata. Jioni alimwambia Rispah kwamba msumeno ulipopenya alihisi ni kama amevunja mgongo wa mnyama aliye hai, na ugali wake akaurudisha nusu.

Lakini gari likakimbia, bana. Lilikuwa jepesi hata watu wanne wangeweza kulinyanyua wakaligeuza lilikotoka, na injini ile ya maziwa, ambayo zamani ilipanda kilima ikilia, sasa iliruka. Bwana Harrop aliliendesha mwaka mmoja na nusu. Kisha farasi akamwangusha, nyonga ikaharibika, na mtu wa umbo lake mwenye nyonga mbovu hawezi kujikunja aingie ndani ya kitu kama kile. Akatafuta wa kumuuzia, hakuna aliyetaka gari lisilo na paa wala milango. Basi akamwambia Wabwile alichukue, kwa kuwa ndiye aliyelizaa.

Mwafrika mwenye gari la mashindano, Kitale ya wakati ule! Makarani walisema amerogwa. Wazee wa kanisa walimshauri alibadilishe kwa ng'ombe, hata wawili tu. Rispah alisema hana neno na gari, ila mtu hapewi kitu kizima bure, na tangu siku lile gari lilipokatwa mgongo yeye hajawahi kulipenda. Wabwile alimsikiliza, akaenda kulipaka grisi.

Shida ikawa moja. Gari jepesi linataka dereva mwepesi, na Wabwile alipoingia magoti yalikaba usukani na chuma cha chini kikaparuza mawe. Ndipo akampa mdogo wake, Wekoye, ambaye alikuwa dereva wa trekta pale pale shambani na mwembamba kama fito.

Mama yao alikufa Wekoye akiwa bado anatambaa. Hapakuwa na dada, kwa hiyo Wabwile ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akamwosha, na wavulana wenzake wakimcheka ati ni yaya. Hakujali. Siku Wekoye alipotahiriwa, akiwa amepakwa tope baridi la mtoni, alisimama bila kupepesa jicho, na ni Wabwile aliyelia. Kwa hiyo ukiuliza huyu alikuwa ndugu yake au mtoto wake, hata yeye mwenyewe asingekujibu vizuri.

Walikuwa na desturi yao. Kila Jumamosi Wabwile alilipitia gari lote: nati moja moja, breki, plagi, springi, na mwisho ekseli zile mbili za nusu, akizigonga kwa spana. Zilikuwa zinatoa mlio mzito, wa kushiba. Kisha ananyoosha mgongo na kusema, "Iko sawa, endesha." Wekoye hakuwahi kukanyaga ndani ya gari kabla ya kusikia maneno hayo, hata kama ni kulisogeza tu kivulini. Alikuwa haangalii chochote yeye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuendesha, na maisha yake alikuwa ameyaweka kwenye sikio la ndugu yake.

Mashindano yenyewe yalikuwa kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa baada ya vita, watu wakizunguka mapipa Jumapili moja katika mwezi. Walikuwa Wazungu, na Wahindi wachache wenye gereji. Bwana Harrop aliwasemea ndugu hao wawili, kukawa na manung'uniko, mwishowe Wekoye akaruhusiwa. Mara ya kwanza alikuwa wa mwisho. Mara ya tatu magari makubwa yalikuwa yanamwona kisogo. Kwenye kona yeye hakupunguza kama wengine. Gari lilijilaza, gurudumu la nje likakandamizwa, likatoka upande wa pili likiwa bado na mbio zake. Wabwile alikuwa anasimama kwenye kona ya mikaratusi, mikono nyuma, hapumui mpaka limepita.

Krismasi ikafika, wakaamua kwenda nyumbani Kabuchai na hilo hilo gari. Wabwile alijikunja kwenye kiti cha pembeni, vumbi limewapaka mpaka kope, watoto wakiwakimbilia njia nzima. Baba yao, Mzee Khaemba, alitoka kwenye kibanda chake cha uhunzi akalizunguka gari polepole. Macho yake yalikuwa yameliwa na moto wa miaka mingi, aliona vivuli tu, kwa hiyo alikagua kwa vidole. Alibonyeza bati la mbele kwa dole gumba, bati likabonyea. Akapiga goti, akaingiza mkono chini, akapapasa ekseli kutoka gurudumu mpaka katikati, na hapo katikati mkono ukakosa chuma.

Akauliza ni nani aliyekata. Wabwile akasema ni yeye. Mzee hakupandisha sauti. Alisema kwamba yeye amefua chuma tangu kabla Mzungu hajafika Kavirondo, babake alifua, na babu yake, na hakuna hata mmoja wao aliyempa mtu kitu cha kubeba uhai kikiwa kimekatwa. Akaamuru vipande vile vitolewe garini, viletwe kwenye moto.

Wabwile alijaribu kueleza habari ya bawaba. Lakini kibandani walikuwa wamekaa wazee wa ukoo, na mhunzi alikuwa tayari ameshika nyundo. Kule kwetu mtu habishani na mhunzi aliyeshika nyundo, maana neno likitamkwa juu ya fuawe halifutiki. Na kusema kweli, moyoni Wabwile alifurahi. Tangu siku ya msumeno alikuwa na hofu, na sasa baba yake alikuwa anaichukua hofu hiyo mikononi mwake. Nani asingekubali?

Mzee akatoa juu ya dari jembe moja la zamani, la chuma cha kuyeyushwa nyumbani, la mwisho katika yale yaliyotumika kumwoa mama yao. Lilikuwa limehifadhiwa kwa kitambaa. Akalivunja, akalifua, akatengeneza pete mbili nene, moja kwa kila nusu ya ekseli, zikae karibu na bawaba pale palipokatwa. Mivukuto ikavuma mchana kutwa. Pete zikawa nyekundu, ekseli nayo ikawa nyekundu, vikavishana, nyundo ikashuka. Hata wazee walikubali kwamba hawajaona kazi kama ile.

Halafu Mzee akashika koleo, akainua ile ekseli ikiwa bado inawaka, akageukia beseni la maji.

Wabwile alifungua mdomo. Jeshini walifundishwa jambo hili mpaka likaingia kwenye mifupa: ekseli ikipata moto, izike kwenye majivu ipoe pole pole, usiitie maji kamwe, kwa kuwa maji yataifanya ngumu kama jiwe na jiwe halipindi, linapasuka. Mkuki unatiwa maji. Jembe linatiwa maji. Mzee Khaemba maisha yake yote alikuwa amefua mikuki na majembe, na kitu kizuri mhunzi hukimaliza kwa maji. Alikuwa anafanya alilolijua, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Chuma kikalia shaa, mvuke ukajaa kibanda, na Wabwile akaufunga mdomo. Ya pili ikafuata.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa tangu utoto. Haya, Wabwile alisikia la mkuu.

Waliporudi Kitale alizigonga. Ule mlio mzito haukuwepo tena. Sasa zilitoa sauti kali, nyembamba, kama kengele ya shule. Rispah, aliyekuwa anaanika mahindi, aliinua kichwa akauliza ni kitu gani kinacholia hivyo. Wabwile akasema ni ekseli. Rispah akasema hiyo si sauti yake. Alijibiwa kwamba imetiwa nguvu na Mzee, na kwa kuwa mke hamkosoi baba mkwe, akarudi kwenye mahindi yake. Wabwile alipaka rangi nyeusi juu ya kazi yote, akajiambia kwamba chungu kinacholia ni chungu kizima. Si ndivyo alivyofundishwa? Alijisemea hivyo mara nyingi, na mtu mwenye amani hana haja ya kujisemea jambo mara nyingi.

Januari wakakimbia, hakuna lililotokea. Wekoye alisema gari sasa ni gumu kwa mbele, linaruka kidogo kwenye mashimo, lakini halina neno. Hofu ya Wabwile ikaanza kulala. Ndipo Mzee Khaemba akatuma salamu kwamba anataka kuja kuona mwanawe akikimbia juu ya chuma chake. Kuona, mtu aliyeona vivuli! Alipanda lori la mahindi Jumamosi ya mwisho ya Februari, amevaa koti lake la kanisani, amebeba kuku wa kumpa Rispah.

Kwa sababu ya mgeni, Jumamosi hiyo gari halikukaguliwa. Wabwile alisema atalipitia kesho yake kiwanjani, kabla ya mbio.

Akalipitia. Jua lilikuwa kali, magari mengine yalikuwa yamekwisha kuanza kuunguruma, Bwana Harrop amekaa kwenye kiti chake cha turubai. Wabwile aligusa nati, akapima breki, akaangalia plagi. Akainama upande wa kulia akagonga ekseli. Kengele. Akahamia upande wa kushoto, akainua spana.

"Unagonga chuma changu?"

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, ameegemea fimbo. Hakuwa amekasirika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeumia. Sasa wewe ambaye si wa huko huenda usielewe, lakini mhunzi akishakabidhi kazi, anayeigonga mbele yake anamwambia mbele za watu kwamba amezeeka, mkono wake haufai tena. Adui ndiye anayefanya hivyo. Mtoto wa kuzaa hafanyi. Na hapo karibu walikuwa wamesimama watu wa Kabuchai waliokuja na lori lile lile, wanasikiliza.

Wabwile alibaki ameinama. Spana ilikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye chuma. Kugonga mara moja tu, ko, na sikio lingemwambia. Alimtazama Wekoye, ambaye alikuwa anavaa kofia yake ya ngozi huku akitabasamu, akingoja yale maneno.

Akaiweka spana mfukoni.

"Iko sawa," akasema. "Endesha."

Wekoye akaingia.

Mizunguko ya kwanza alikwenda vizuri. Wabwile alikuwa kwenye kona yake ya mikaratusi, na Mzee kando yake, kichwa amekiinamisha, anafuata mbio kwa masikio. Alikuwa anatabasamu. Alimwambia mwanawe kwamba analisikia gari, kwamba hata katikati ya yale mengine analitambua. Likaja tena, kona ile ya kulia, likajilaza, gurudumu la kushoto likabeba uzito wote. Pakasikika mlio mmoja mdogo, mkavu, wa kijiti kinachovunjwa kuwashia moto. Gurudumu likalala chini ya gari. Gari likajipindua mara mbili na kugonga mti, na lilikuwa jepesi mno, halikuwa na kitu cha kumkinga mtu.

Wabwile alifika wa kwanza. Alimtoa, akambeba kama alivyombeba zamani, akamwita kwa jina la utotoni. Wekoye hakuitika. Mzee Khaemba alibaki pale pale kwenye mikaratusi akiuliza kila aliyepita ni gari la nani lililoanguka.

Walimzika Kabuchai. Kabla ya kusafirisha maiti Wabwile alirudi kiwanjani peke yake, akaliangalia gari. Ekseli ya kushoto ilikuwa imekatika sambamba na ukingo wa pete, sawasawa kana kwamba imepimwa. Pete yenyewe haikuwa na hata mkwaruzo. Akakigeuza kipande kwenye mwanga. Sehemu kubwa ya jeraha ilikuwa nyeusi, yenye kutu, na ukingo mdogo tu ndio uliong'aa. Fundi anajua maana yake. Kilichong'aa kilivunjika Jumapili. Cheusi kilikuwa kinapasuka kidogo kidogo tangu Januari, chini ya rangi, mwanzoni kwa ufa mdogo mno hata kwa sikio, kisha kikingoja mtu akigonge. Alikaa chini kwenye majani ya mikaratusi akajipiga kifua kwa ngumi, akalia mpaka sauti ikaisha.

Kwetu, baada ya mazishi, ipo siku ya kunyoa nywele. Ndugu wanakusanyika, vichwa vinanyolewa, kisha mtu anayejua anasimama mbele ya wote anaeleza marehemu amekufaje, neno kwa neno, ili baadaye pasiwe na wa kumshuku mwenzake. Kila mtu alijua kwamba wa kusimama ni Wabwile.

Asubuhi ya siku hiyo Rispah alimkuta nyuma ya nyumba na msumeno wa chuma. Alikuwa amebana kile kipande cha ekseli, anakikata kando ya pete, anaiondoa ile sehemu nyeusi. Vumbi la chuma lilikuwa limejaa kwenye mikono yake. Rispah alikiokota kipande kilichoanguka, akakitazama, na kwa kuwa ni mtoto wa mfinyanzi hakuhitaji kuelezwa ufa wa zamani unafananaje.

"Baba Nasimiyu, utawaambia?"

"Mzee amebaki na mwana mmoja na hizo pete," Wabwile akasema bila kuinua kichwa. "Nimnyang'anye kipi?"

Rispah akakifunga kile kipande kwenye ncha ya leso yake. Baadaye alikitupa kwenye shimo la choo.

Wabwile alisimama mbele ya watu, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Akaeleza kona, mbio, gurudumu, mti. Akasema kwamba ekseli ilikatika, na kwamba yeye ndiye fundi, na kwamba yeye ndiye aliyeikata kwa msumeno mwanzoni, na yeye ndiye aliyesema iko sawa. Yote hayo yalikuwa kweli. Watu wakanung'unika, shangazi mmoja akamlaani waziwazi, na yeye akainamisha kichwa akapokea. Alipokuwa anataka kuketi, Mzee Khaemba akainua mkono kutoka kwenye kigoda chake.

Akauliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu. Alitaka kujua kama pete yake ilishika.

"Ilishika, baba."

Wabwile akamwekea mkononi ile pete, aliyokuwa ameigonga asubuhi ile mpaka ikatoka kwenye ekseli. Mzee aliipapasa kuzunguka yote, ndani na nje, akitafuta ufa kwa vidole, na machozi yakimtiririka. Kisha akaomba nyundo yake ndogo. Akaining'iniza pete kwenye kidole, akaigonga mara moja, na katika ule ukimya wa msibani ikalia, safi, ndefu, mpaka kuku wakageuza shingo.

"Unaisikia?" akamuuliza mwanawe. "Nzima."

"Naisikia, baba," Wabwile akasema.